Sisi Ndiyo Tulimfundisha Baba Mudogo Kula

Siku ile soko la Baraka lilinyamaza, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu. Baba mudogo Wilondja, mdogo wake baba yangu, alipitishwa katikati ya njia kubwa miguu wazi, manjanja moja, bati la kuezekea nyumba, juu ya kichwa, askari wawili nyuma yake. Juma lililotangulia mtu huyo huyo alikuwa shefu wa posti, mkubwa wa utawala hapa mjini, na watu walikuwa wanavua kofia akipita.

Sina mvi. Najua nasaha ni kazi ya wazee, na mimi bado nanyonyesha. Lakini wazee wa kwetu wamefunga midomo juu ya jambo hili, na jana bashangazi zangu walikuja kukubeba, wakakutazama mikono, wakacheka: "Huyu iko na mikono ya mukubwa! Atakamata kiti, na shiye tutakula!" Nilikunyakua mikononi mwao. Wakasema nina roho mbaya. Ndiyo, ninayo. Kaa nikuambie nimeitoa wapi.

Baba mudogo alikuwa mwalimu kule Fizi, milimani. Vita ilipoingia, wakubwa wa serikali walivuka ziwa, na wenye bunduki walioshika mji huu wa Baraka wakatafuta mtu anayejua kuandika na kuongea na raia. Wakamchukua yeye. Kwanza karani, kisha msaidizi, kisha shefu mwenyewe. Na alikuwa mzuri, usidanganywe. Askari waliponyang'anya wavuvi nyavu kwenye barieri, kizuizi chao cha njia, ni yeye aliyekwenda kusimama mbele ya bunduki mpaka nyavu zikarudi. Bamama wa soko walimtungia wimbo.

Muda mfupi baada ya hapo, mchuuzi mmoja mwenye mtumbwi wa mota alimletea kuku. Baba mudogo akakataa.

"Rudi na kuku yako, muzee. Nilifanya tu kazi yangu."

Mchuuzi akaondoka uso chini. Hapo bashangazi wakawaka kama nyasi za kiangazi.

"Wilo, unakatala kuku ya muntu? Unamuzarau!"

"Haiko zarau, dada. Iko kazi."

"Kazi inapikwaka? Mukono mutupu haulambwi, weye! Batoto ya ndugu yako banalala njaa, na weye unajifanya padiri!"

Shangazi mkubwa alimkimbilia mchuuzi njiani, akarudi na kuku chini ya kwapa. Toka siku hiyo "padiri" likawa jina la baba mudogo hapa nyumbani. Akirudi jioni mikono mitupu, wanampokea mlangoni: "Karibu, padiri! Leo tutakula sala?" Tunacheka wote. Na yeye anacheka, lakini cheko lake lilikuwa linapungua kila mara.

Koko, bibi yangu, mama yao wote, ndiye peke yake hakucheka. Siku ile ya kuku alikuwa anamenya muhogo. Akasema polepole, bila kuinua macho: "Kuku ya heshima munaikulaka pamoja na mwenye kuileta. Anakaa, munaongea, anakula naye. Huyu, juu ya nini hakubakia kula? Muntu mwenye kuacha kuku na kukimbia, iko na kitu atarudilia."

"Ah, koko, mambo ya leo haujue," wakamjibu.

Tukala. Ilikuwa tamu. Sitakudanganya, ilikuwa tamu.

Kuku akawa mbuzi. Mbuzi akawa gunia la chumvi. Mtumbwi wa mchuuzi ukaanza kupita bila kuulizwa umebeba nini. Mwishoni baba mudogo hakungoja tena kuletewa, aliagiza mwenyewe. Na nyumbani hakuna aliyemwita padiri tena. Sasa alikuwa "mukubwa wetu."

Ndipo manjanja yakaja. Watu wa misaada waliyaleta kwa ajili ya maternite ya kijiji kimoja njia ya Nundu, ambako bamama walikuwa wanazalia chini ya plastiki iliyopasuka. Kwa sababu ya vita yakawekwa kwanza katika stoo ya biro, ofisi yake, ati kwa usalama. Mvua za masika zilipoanza, yalikuwa juu ya nyumba yake, juu ya jikoni za bashangazi, na juu ya nyumba ya koko.

Koko akauliza yametoka wapi.

"Mushahara, mama."

Wakati ule, toka Baraka mpaka Fizi, hakuna aliyeona mshahara. Koko akatazama juu, akaingia ndani. Na kule njia ya Nundu, jirani yetu mmoja aliyekuwa amekimbia vita alizaa mvua ikimwangukia yeye na mtoto. Mtoto hakufika kupewa jina.

Usifikiri ni haki iliyomwangusha baba mudogo. Kamanda wa wale wenye bunduki alipita kutembea, akaona nyumba zinang'aa, akauliza fungu lake liko wapi. Halikuwapo. Basi siku hiyo hiyo kamanda akawa rafiki mkubwa wa bamama wenye mimba! Akaamuru manjanja yabanduliwe, na mwizi ayarudishe stoo kwa kichwa chake, moja moja, watu wote wakiona.

Wa kwanza kumzomea sokoni alikuwa nani? Yule mchuuzi. "Shefu! Mvua inakuya, jifunike muzuri!" Watu wakapasuka kwa kicheko. Bashangazi walijifungia ndani. Baba yangu akasema ana homa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Uongo! Kuku tulikula wote, janga alikula peke yake.

Isipokuwa koko. Alitoka, akakaza kitenge chake, akainama akaokota manjanja moja iliyobanduliwa juu ya nyumba yake, akajitwika.

"Wacha, koko," askari mmoja akamwambia. "Weye haikuangalie, haiko mambo yako."

"Inaniangalia. Minalala chini yake."

Akashika njia nyuma ya mtoto wake. Ndipo soko likanyamaza. Baba mudogo aliposikia kimya kile aligeuka, akamwona, na manjanja ikamtoka kichwani ikaanguka kwa kishindo.

"Mama, rudia ku nyumba."

"Nyumba gani?" koko akamwuliza.

Walimfunga. Kikundi kingine kiliposhika mji alifunguliwa, akavuka ziwa, na mpaka leo yuko kambini ng'ambo. Mwalimu mzuri kama yule, na hakuna anayempa hata darasa la watoto wadogo. Manjanja nayo hayakufika maternite. Kamanda aliyapakia, yakaenda zake.

Kwa hiyo sikia, mwanangu, na ukijua kusoma, soma tena. Wizi wa mwenye cheo hauanzii ofisini. Unaanzia nyumbani, kwa ndugu wanaomcheka mtu mwaminifu mpaka aone haya. Ukipata kiti, hata kidogo, ogopa kwanza sisi tunaokupenda. Adui utamjua uso. Sisi tutakuja na njaa ya kweli, na machozi ya kweli, na maziwa niliyokunyonyesha. Nikizeeka nikaja kukuambia "saidia kidogo tu, nani ataona?", nifungie mlango. Nitakutukana. Wacha nitukane.

Mungu akupe kazi ya kuchosha mwili na usingizi wa kupumzisha. Akupe ulimi wa kusema hapana mapema, kabla hapana haijawa nzito. Akulinde na watu wabaya, mwanangu, na siku itakapobidi, akukinge na sisi pia.