Ngoro Juu ya Chemchemi

Matiri ya utoto wangu haikuwa na bomba. Maji ya shule yalitoka katika chemchemi moja chini ya mteremko wa nyasi, na waliokuwa wakiyabeba ni sisi wasichana wa darasa la saba, kila asubuhi kabla ya kengele. Mwaka huo serikali ya kijiji ilikusudia kujenga mtambo wa kumenya kahawa juu ya mteremko huo. Harufu ya maganda ya kahawa yakichacha tuliijua; tulijua pia maji yake machafu yangeteremkia wapi.

Niliyakumbuka haya juzi, nilipopita pale na kukuta njia yetu ya ndoo imemezwa na magugu.

Tuliamua kulima ngoro, yale mashimo ya kilimo cha kwetu yanayozuia maji mteremkoni, palepale juu, kwa kuwa kwetu shamba lililopandwa haligawiwi kabla mwenye mazao hajasikilizwa. Tulichimba Jumamosi nzima. Bibi yangu alipokuja kutazama, alicheka hadi akashika kiuno.

"Nyasi mmezilaza wapi? Haya ni mashimo ya panya, mama! Mvua ya kwanza itawashusha ninyi na udongo wenu mpaka ziwani."

Kwa pupa ya kudai haki tulikuwa tumesahau kazi yenyewe: nyasi hufyekwa kwanza, hulazwa katika miraba, ndipo udongo unapozifunika. Kulaza ni kazi ya wanaume, nasi hatukuwahi kuigusa. Bibi akatuonyesha. Tukarudia yote, tukapanda maharage, mikono ikinuka majani mabichi.

Kwenye mkutano wa kijiji wa kujadili mtambo, mwenyekiti alitutazama juu ya miwani yake. "Watoto hawa hawana kura. Nani amewatuma?"

Nilisimama. "Shikamoo, mwenyekiti. Kura hatuna. Ndoo tunabeba sisi, na maharage yale ni yetu."

"Mjibu basi, baba!" jirani yetu alipaza sauti kutoka nyuma. "Au ndoo utazibeba wewe?"

Mkutano mzima ukacheka, na mwenyekiti naye.

Tangu siku ile sijauliza tena kama ninaruhusiwa kusimama mkutanoni. Ninajiuliza tu kama nyasi zimelazwa. Bibi ametangulia. Ngoro zile hazipo, na wasichana wa leo hufungua bomba uani mwa shule.

Mtambo ulijengwa chini ya chemchemi. Maharage tuliyavuna wenyewe, tukayala shuleni.