Zaka ya Gari Chongo

Siku hizi mtu hutoa zaka kwa kidole. Yuko kitandani kwake, mtaa wa Qurum hapa Maskati, hugusa simu, fedha zikaenda kwa mtu asiyemjua, naye akageukia ubavu wa pili. Haulizi nani kala wala nani kakosa. Tulikuwa na namna yetu, ya kutazamana usoni, nayo imekufa na hapana aliyeizika. Ndiyo maana naandika habari za Sleyum.

Sleyum alifika Maskati kwa meli mwaka 1964, na mkewe Mahbuba, na mfuko wa spana. Unguja alikuwa na teksi yake mwenyewe. Huku alihifadhiwa kijijini Sidab, chumba kimoja nyumbani kwa binamu ya mkewe, na miaka mitatu alikula chakula cha watu. Kila asubuhi alivuka kilima kuja mjini kutafuta kazi ya udereva au ufundi, na kila adhuhuri alirudi mikono mitupu. Magari yalikuwa ya kuhesabika, kila moja na ruhusa yake kutoka kwa Sultani, kila moja na dereva wake. Hakulalamika. Lakini Mahbuba alimwambia mama yangu kwamba mumewe hula tonge tatu kisha husema kashiba, kwa kuwaonea haya wenyeji.

Marhoon alikuwa na duka la nguo Matrah, ng'ambo ya mlima, na nje ya nyumba yake Maskati alikuwa na Landrova iliyozimika miaka miwili nyuma. Kuku wakitaga kwenye kiti cha mbele. Mwaka wake wa zaka ulikuwa ukitimia mwisho wa Shaaban, na Shaaban ya mwaka 1967, zikiwa zimebaki siku nne Ramadhani kuingia, akapata wazo. Atatoa Landrova, thamani yake aikate katika zaka ya duka, na majora yake yabaki yote rafuni.

Akamwita Sleyum mbele yetu sote tuliokaa barazani.

"Sleyum, weye ni maskini?"

"Sidab nzima wanalijua hilo, bwana."

"Basi nnakupa gari hii. Zaka yangu."

"Na ruhusa yake?"

"Ibaki kwa jina langu. Weye pakia watu, ule riziki yako."

Sleyum akaitazama gari, akawatazama kuku. "Na hawa wamo?"

"Hao wa mama."

Alitania, lakini nilimwona akishika mlango wa gari na asiuachie. Kuwa na gari mkononi ilikuwa ni kuondoka katika chumba cha watu.

Akaitwa Sheikh Yaarub, aliyekuwa akisimamia zaka za mtaa wetu. Alikuwa mtu wa bara ya Omani, kakulia katika mbuzi na ngamia. Aliizunguka gari mara mbili. Akafunua boneti kama anayefunua mdomo wa mbuzi atazame meno. Akalipiga tairi kofi. Alipofika mbele akasimama. Taa ya kushoto haikuwapo, pana tundu, na ndani ya tundu pana kiota.

"Marhoon, hii ina chongo."

"Sheikh, hii ni gari."

"Nnaona ni gari. Unataka ihesabiwe katika zaka au hutaki?"

"Nataka."

"Basi katika zaka hatolewi mnyama mkongwe wala mwenye chongo. Hii ina yote mawili. Inatembea?"

"Ikisukumwa."

"Hata maiti akibebwa huenda."

Tulicheka mpaka mmoja wetu akajimwagia kahawa kanzuni. Marhoon alikasirika, kisha akacheka na yeye. Sheikh akakata shauri: gari ikiona kwa macho mawili na ikatembea kwa miguu yake kabla jua la siku ya mwisho ya Shaaban halijazama, ataipokea. La sivyo, nguo.

Sleyum aliivua kanzu papo hapo. Siku tatu alikuwa chini ya ile gari, tukiona miguu yake tu. Alilifungua tangi la petroli, akatia changarawe, akalitikisa mpaka kutu yote ikatoka. Gasketi ya pampu ya maji aliichonga kwa ngozi ya makubadhi yake mwenyewe, akabaki pekupeku. Dereva mmoja wa lori alileta taa iliyotoka kwenye gari iliyopinduka, kubwa kuliko ile ya kulia, na gari ikawa kama imekodoa jicho moja kwa mshangao. Mtaa mzima ulikuja kushauri, na wengi wetu hatukujua hata petroli hutiwa wapi. Leo gari ikiharibika huvutwa, ikaletwa nyingine, na jirani hata hajui.

Siku ya mwisho, baada ya alasiri, alizungusha hendeli mara nane. Mara ya tisa injini ikanguruma, kuku wakaruka hadi juu ya ukuta. Bi Sayyida, mama yake Marhoon, akatoka mbio.

"Nani kaniulia kuku wangu?"

"Hawajafa, Bi. Wameshangaa tu."

Bi Sayyida naye alikuja na meli ile ile ya Sleyum. Akaitazama gari inavyotetemeka, akaokota yai kitini, akakaa mahali pake.

"Unguja nikipelekwa shamba kwa gari kila Alkhamisi. Hapa miaka mitatu naona ukuta. Hebu nitembeze, mwanangu."

Tukapanda sote. Marhoon nyuma, Sheikh Yaarub kashika kilemba, mimi nimening'inia nje. Tukapanda mlima wa Riyam, Sleyum akipiga honi kila kona, watu njiani wakituitikia kwa vigelegele. Bi Sayyida akisema, "Ongeza, ongeza," na yai mkononi. Sheikh alisoma dua yote aijuayo, kisha akaanza kucheka kama aliyepata homa. Sijapata kufurahi vile tena.

Marhoon alikuwa na hesabu nyingine. Alikuwa akipapasa kiti.

Tulipofika Matrah akasema, "Sheikh, nimefikiri. Ntatoa nguo kama kila mwaka. Gari hii bado ina kazi."

Sleyum akasimamisha gari. Akachukua mfuko wake wa spana. "Gari ni yako, bwana. Mie ntarudi kwa miguu." Akashuka pekupeku.

"Ilipokuwa chongo ulitaka niihesabu nzima," Sheikh akasema. "Imekuwa nzima, unairudisha kwako."

"Kwani haramu?"

"Si haramu. Aibu tu."

Bi Sayyida hakugeuka nyuma. "Sleyum, mwanangu, panda. Gari nshakupa mimi."

"Mama, gari yangu hiyo."

"Na weye wa nani?"

Marhoon akamtazama Sheikh. Sheikh akautazama mlima. "Hapo usinitie," akasema.

Hapana mtu wa zama zile angeingia Ramadhani bila radhi za mama. Marhoon akafumba macho, akatikisa kichwa, kisha mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko.

"Haya. Yake. Na zaka yangu imetoka."

"Haijatoka," Sheikh akasema. "Sadaka hii kaitoa mama yako. Yako iko dukani."

"Na nguo pia?"

"Na nguo. Duka si lile pale? Jua halijazama."

Marhoon akaenda kufungua duka, Sheikh nyuma yake. Sleyum akapanda, akaweka mikono yote miwili kwenye usukani.

"Wapi, Bi?"

"Tuwangoje hao, kisha turudi kwa njia ndefu."

Hapakuwa na njia ndefu. Barabara ilikuwa moja tu. Sleyum akaipita mara tatu.