Mashati ya Askari

Zabdiel Croswell alikuwa msokota kamba za meli. Manowari za mfalme zilipoifunga bandari ya Boston, kazi yake ikafa palepale. Meli haziingii, hazitoki; kamba za nini? Akabaki jikoni kwake akiukodolea macho moto, akikohoa, mpaka kikohozi kikaleta damu.

Watu wa mji walikuwa wameapa kutowatumikia askari wa mfalme, wale wa makoti mekundu. Mkewe Zabdiel, Mehetabel, aliapa pia. Lakini njaa haijui kiapo. Majani yalipoanza kupukutika, akawa anawafulia askari mashati, akiyaanika uani kwa kujificha. Shoga yake wa tangu usichana, Desire, akayaona juu ya ua.

"Shoga, mashati yote hayo? Zabdiel kaota mikono mingapi?"

"Mume wangu anatema damu, Desire. Nimpe kiapo anywe?"

"Wanangu nao wanalala njaa. Mbona mimi sijawauza wenzangu?"

Ilikuwa kweli. Mehetabel akarudi kwenye beseni lake.

Asubuhi aliyakuta mashati matopeni, yamemwagiwa lami. Zabdiel aliponusa tu alijua: ni lami ya kupaka kamba, ya karakana yao. Wenzake mwenyewe. Akajilaza, akageukia ukuta.

Mehetabel alisugua kwa majivu na mafuta hadi vidole vikachubuka, wapi! Akayabeba vivyo hivyo hadi kambini.

"Waasi nyinyi mnatuchezea!" sajini akafoka.

"Bwana, wamenikomoa mimi."

"Potea hapa!" Akamtupia shati usoni.

Zabdiel alikufa theluji ingali imetanda. Mazikoni walifika wachache mno, hata Mehetabel mwenyewe ikabidi ashike pembe ya jeneza. Desire alichungulia dirishani, kisha akafunga.

Vita vilipolipuka huko mashambani, watu wakaukimbia mji. Mehetabel akaenda kwa kaka yake Eliphalet, mkulima wa Dedham. Kaka alimpokelea nje, mlango kauegemea kwa mgongo.

"Dada, habari zako zimekutangulia. Hapa mtu akishukiwa kuwa upande wa mfalme anachomewa nyumba. Nina watoto."

"Nipe hata zizini, kaka."

"Leo tu. Kesho, kabla majirani hawajaamka..." Hakumalizia, alikuwa akilia.

Alilala kwenye nyasi kavu, kati ya ng'ombe. Kulipopambazuka alikuta mkate kizingitini, wala hapakuwa na mtu wa kumuaga. Akashika njia iliyokuwa mbele yake, asiulize inakokwenda.