Maziwa Bila Moshi

La, siogopi. Nyinyi wageni mnaangalia huu mkono wangu wa makovu, mnaangalia makaa, halafu mnanyamaza kwa adabu. Msinyamaze. Makaa nimewasha mwenyewe, na kiberiti, kama kila asubuhi. Sasa naweka kijiti cha mti wa porini juu yake, moshi ikianza naifunika na mdomo wa dhiil, hii chombo yetu ya maziwa, inasukwa kama kikapu. Moshi inaingia ndani, inakaa. Ndio maziwa ya ngamia inapata ladha, ndio haiharibiki mapema. Hapa Garissa mtu akionja funda moja tu anajua kama muuzaji ni mtu wa maana au ni mvivu.

Siku soko iliungua, moto ilianzia upande wa nguo. Mchana, jua kali, na upepo. Wenzangu walikimbia na watoto wao. Mimi nilirudi kuchukua dhiil ya mama yangu, ile aliyonisukia nikiolewa. Nilitoka nayo. Ngozi ya mkono ilibaki huko. Alhamdulillahi, huu mwingine ni mzima, ndio nawanyooshea kidole.

Mkono ilipona. Lakini kiberiti, wallahi! Nikisikia tu "chwaa," natoka mbio. Hata chai nilipikiwa na jirani. Soko ikajengwa tena, nikarudi mahali yangu pale mlangoni. Maziwa inakuja na pikapu kama zamani, naosha dhiil na sabuni na maji moto ya jirani, nauza. Bila moshi.

Watu walinihurumia. Akaja binti mmoja kutoka Nairobi, wa ofisi ya kusaidia watu waliopatwa na shida. Sauti laini, kama anabembeleza mtoto: "Mamaaa, funga macho. Vuta pumziii. Uko mahali salama."

Nikamwambia, "Binti yangu, macho ikifungwa ndio moto inakuja. Wacha nikutazame wewe, una uso mzuri."

Akacheka. Tangu siku ile tukawa tunakaa macho wazi, ananiuliza habari ya ngamia. Huyo alinisaidia, sitamsema vibaya. Nikaanza kupita mbele ya mchoma mahindi bila kuvuka barabara. Lakini kuwasha mwenyewe, hapana.

Na mwenye hoteli ya pale sokoni, mzee wa tumbo kubwa na ndevu nyekundu ya hina. Kila siku ananunua, anainua kikombe, anafumba jicho moja: "Fizuri, mama! Fizuri kabisa! Bole bole utabona."

Na mimi naamini! Nikaanza kuringa. Nikasema, kumbe moshi ilikuwa ya nini? Watu wanapenda maziwa yangu hivi hivi.

Halafu basi ya Wajir ikaniletea mke mwenzangu.

Tuliolewa na mwanaume mmoja, Mungu amrehemu, mimi mkubwa, yeye mdogo. Anaishi Hadado, huko Wajir, na mbuzi zake. Anaongea kwa pua, kama mlango mkavu unafunguliwa: "Abaayo, nimesikia umeungua. Nimekuja kuona kama umebaki." Abaayo ni dada, lakini dada ya huyu ina miiba. Alileta samli, akanipaka mkono kwa vidole vyake mwenyewe, polepole, huku ananisema: "Sasa umezidi kuwa mbaya. Mzee angekuwa hai, angelala kwangu kila siku."

Asubuhi tukaenda soko. Nikamkaribisha na kikombe, wanawake wote wa maziwa wanatazama. Akaonja funda moja. Akaishika mdomoni. Akameza kama dawa. Akaondoka kwenda hoteli kunywa chai.

Alirudi upesi, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Abaayo, unajua maziwa yako inaenda wapi? Nyuma ya hoteli kuna mbuzi mbili. Hao ndio wateja wako. Chai ya yule mzee inapikwa na maziwa ya huyu." Akamwonyesha mwanamke aliyekaa kando yangu.

Nikamtazama huyo mwenzangu. Akaangalia miguu yake. Nikatazama kule hotelini. Ndevu nyekundu ikaingia jikoni.

Nikaanza kueleza. Moto, mkono, kiberiti. Nikataka hata kulia kidogo, maana machozi huwa inanisaidia kwa watu. Kwa mke mwenza, machozi ni hasara tupu. Lakini alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikata hata mara moja. Halafu akachukua dhiil ya mama yangu, akaingiza pua yake ndani, akanusa. Akaiweka chini taratibu. Akakunja nguo yake magotini, kama mtu anayetaka kukaa.

Jioni ile nilinunua kiberiti. Vijiti vingi vilizima kabla ya kufika kwa makaa, nikatukana kila kimoja kwa jina la ukoo wake. Nikawasha. Yeye alikuwa amekaa kando anakunywa chai, hajanisaidia, hajanisifu. Na niliwasha kwa sababu ya lile neno aliloniambia asubuhi, kwa pua yake ile, mbele ya soko nzima:

"Maziwa yako mbaya. Sogea, nikae mimi."