Gauni Jeupe la Athieno

Nichekeni mtakavyo, lakini mngekuwa mimi mngelia pia. Hapa Busia nauza magauni ya kuzikia, karibu na maseremala wa majeneza. Juzi nilifungua belo la mitumba nikakuta gauni jeupe lenye lesi mpaka kidevuni, na kofia na glavu zake. Nikalitundika pamoja na yale ya marehemu.

Akaja Athieno, binti wa jirani wa dada yangu kule Osukuru, mwembamba, uso umepakwa poda nyeupe.

"Unamnunulia nani, mwanangu?"

"Ni langu mwenyewe, mama. Jumamosi watu wanakuja nyumbani kuniangalia."

Nimewahi kuuzia wagonjwa vazi lao la mwisho, na mtu wa namna hiyo humuulizi zaidi. Nikampima mabega. Mikono yake ilikuwa baridi.

Jumamosi nikafika kwao na unga wa kupikia waombolezaji, pamoja na msalaba wa mbao niliouagiza mwenyewe, maana kiherehere changu hakina breki. Uani walisimama vijana waliovaa lesi nyeusi, nyuso nyeupe, hakuna aliyetikisika. Nikapiga magoti, nikaangua kilio.

Mlango ukafunguka. Marehemu akatoka polepole, ameshika mwavuli.

Nikabaki nimepiga magoti, msalaba mkononi.

"Mama, huu ni mtindo wa vijana wa Japani," akasema Athieno. "Tunapigwa picha tu. Kwani nani amekufa?"

Kabla sijajibu, macho yake yakashuka kwenye msalaba, akaanza kusoma jina lake kwa sauti.