Kigae cha Maji Chini ya Mpera

Jumapili moja ya Julai niliambiwa nihame chumba changu Kiwalani kabla jua halijazama. Kosa langu lilikuwa uchawi.

Naitwa Yuliana, fundi cherehani. Uchawi wenyewe ulikuwa kigae cha maji na chenga za mchele pembeni yake.

Kipupwe kikikolea mtaani kwetu, madimbwi hukauka na ndege huhangaika. Nikawa nawawekea maji na chenga chini ya mpera, uani. Wakaja tetere, wakaja mnana, mpaka shore na kishungi chake. Kunguru walipoleta ubabe nikafunga kitambaa chekundu mtini, wakakoma.

Wenzangu wa grupu letu la WhatsApp la kutazama ndege wakapagawa na picha nilizowatumia. Hamida anauza samaki Kunduchi, Venance anachonga vinyago Gongo la Mboto. Kila Jumapili asubuhi wanakuja, tunakaa mkekani kimya, macho mtini, tunaandika majina ya ndege kwenye daftari.

Sasa jiweke upande wa jirani.

Kigae, chakula, kitambaa chekundu chini ya mti. Watu watatu hawasemi, wanaandika majina. Kwa mtu wa Pwani huo ni mzimu, na majina ni ya watu wa kurogwa.

Mwenye nyumba, Bi Alya, akamwita mjumbe wa mtaa, Mzee Albano, na wapangaji wote. Akasema nimeugeuza ua wake kilinge, kwa hiyo nitoke leo.

Miaka sita naishi pale. Cherehani yangu iko barazani, wateja wangu wote wako mtaa ule.

Hamida akaninong'oneza niombe radhi yaishe. Nikagoma. Niombe radhi kwa kumpa tetere maji?

"Mzee Albano," nikasema, "kiinue hicho kigae mwenyewe, mbele ya watu. Ukikuta uchawi wangu, nahama sasa hivi."

Bi Alya akashtuka. "Kisiguswe hicho."

Mjumbe akakiinua.

Chini yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Sikuiweka mimi.

Mjumbe akaisoma kwa sauti: "Mzimu wa hapa, nirudishie mume wangu Usama. Huyu mpangaji nitamtoa, nikuhudumie mwenyewe."

Usama mtaani ni mmoja tu, mume wa Bi Alya, aliyehamia kwa mke mdogo tangu Ramadhani.

Mtu akacheka, ua mzima ukafuata. Mie sikucheka. Bi Alya alijifunika uso kwa mtandio, roho ikaniuma kidogo. Kidogo tu.

"Bi Alya," nikamwambia, "hapa hakuna mzimu, kuna ndege. Na mie sihami."

Nikakirudisha kigae mahali pake, nikakijaza maji, wote wakinitazama.

Ndugu zangu, usiombe radhi kwa jambo jema eti yaishe. Hayaishi. Na anayekuita mchawi mbele za watu, muulize kwanza yeye anaomba wapi.