Mama Pasi na Kifurushi cha Chakula

Mama Pasi hakuwahi kumdharau mtu kwa siri. Akikudharau utajua tu: pua inapanda, mdomo unabetuka upande mmoja, na macho yanakupandisha na kukushusha kama anayekagua shati lenye doa. Na mashati alikuwa ameyakagua mengi. Utu uzima wake wote alikuwa dobi, katika chumba kimoja cha mbele kilichotazamana na kituo cha mafuta, akifua na kupiga pasi nguo za watu waliomwita "mama" huku wakimtupia furushi juu ya meza bila hata salamu.

Kazi ile ilimwondolea hofu ya vyeo. Mkurugenzi aliyeogopwa na ofisi nzima, kola yake aliijua. Mhubiri aliyeliza watu, makwapa yake aliyajua. "Binadamu wote wanatoa jasho," alizoea kusema, "ila wengine wanavaa koti juu yake."

Mumewe alikuwa tarishi wa benki, mtu mpole, asiyekunywa wala kupiga kelele, ambaye majirani walimsifu mpaka wakachoka. Mama Pasi hakumsifu. Kila jioni, baada ya kusimama na pasi kutwa nzima, alifunga chumba cha kazi, akapita mlango wa ndani mpaka jikoni, akasimama tena. Mume alikula kimya, gazeti mbele yake, na akimaliza aliisukuma sahani kidogo kwa kidole. Basi. Si kizuri, si kibaya, si chumvi imezidi. Siku moja alimpikia mchuzi usio na chumvi hata chembe, makusudi, aone atasema nini. Mume akala, akasukuma sahani, akageuza ukurasa.

"Heri ningeolewa na kabati," Mama Pasi alimwambia binti yake siku ile. "Kabati angalau mlango unalia."

Mume alipofariki, alimlilia kama inavyopasa, akakaa na msiba wake, kisha siku moja asubuhi akaitazama mashine ya kufulia, akaona hana tena hamu nayo. Akaiuza pamoja na pasi zote na meza, kwa vijana wawili mtu na mkewe, ambao aliwadharau papo hapo kwa kuwa waliuliza kama hariri inachemshwa. Kwa sehemu ya fedha hizo akalipia safari. Alikuwa ameiona kwenye tangazo: watu wanapandishwa basi zuri, wanapelekwa kutazama maporomoko, ngome ya kale na ziwa, wakiwa na kiongozi wa kuwaeleza kila kitu. Tangu azaliwe hakuwahi kwenda mahali ambapo hakuna mgonjwa, harusi wala maiti.

Wifi yake aliposikia, akaja mbio. Huyu alikuwa dada wa marehemu, aliyeuza vifungo na nyuzi maisha yake yote, na mkono wake ulikuwa wa birika hasa. Inasemekana mteja akinunua vifungo sita, yeye alimwuliza kama kweli shati linahitaji kile cha juu.

"Mjane hasafiri peke yake," wifi alisema. "Nitakusindikiza."

"Nimekuomba?"

"Hukuniomba. Ndiyo maana naja."

Siku ya kuondoka walikusanyika kwenye ofisi ya kampuni ya safari, chumba chenye viti vya plastiki na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Kiongozi wa msafara alikuwa msichana mwenye kofia na tabasamu lisilozimika.

"Jamani, wageni wangu," alisema, "kabla hatujapanda basi, tuna kifurushi cha chakula. Ukilipa sasa, mchana na jioni unakula na kikundi katika kila hoteli, huna wasiwasi. Kinakufikisha mpaka ziwani, katikati ya safari. Pale tutaulizana upya kwa siku zilizobaki. Asiyetaka, jamani, atajitegemea. Ila nitangulize kusema, fedha hairudi."

Alishika mkononi bangili za plastiki za manjano, kama zile wanazofungwa watoto wachanga hospitalini.

Basi ukazuka mjadala utadhani watu wanagawana urithi. Mwalimu mstaafu mwenye miwani akatoa simu na kuanza kukokotoa kwa sauti. Akagawanya, akazidisha, akapata jibu, akalishuku, akaanza upya. Maharusi wapya wawili walinong'onezana, bibi harusi akitaka kifurushi, bwana harusi akitaka bibi harusi aache kutaka. Mama Pasi aliwatazama wote, mdomo ukabetuka. Watu wazima, wamevaa viatu vya ngozi, wanatetemeshwa na sahani ya wali.

Wifi alimvuta pembeni. Akafungua mkoba kumwonyesha hazina yake: mkate mzima, chupa ya chai, na mayai ya kuchemsha yaliyofungwa kwa taulo.

"Wanatuibia mchana kweupe," alinong'ona. "Hoteli wanapika sufuria moja wanakutoza kumi. Nje kuna vibanda, kuna matunda, kuna haya mayai. Tutakula kama malkia."

"Malkia gani anatembea na mayai kwenye taulo?"

"Wifi, tumia akili. Wewe mwenyewe unapika kuliko hao wapishi wao."

"Ndiyo," alisema Mama Pasi. "Hapo hapo ndipo uliposema kweli."

Akaenda mezani, akalipa, akanyoosha mkono. Kiongozi akamfunga bangili. Wifi alimtazama kama anayemtazama mtu akitupa noti chooni.

Sasa tuseme ukweli: chakula kilikuwa kibaya. Hakikuwa kibaya cha kuhadithia watu, kile cha mende kwenye supu. Kilikuwa kibaya cha uvivu. Hoteli ya kwanza walipewa wali ulioshikana kama gundi, kuku mkavu, na kachumbari iliyokatwa na mtu mwenye hasira. Hoteli ya pili wali ule, kuku yule. Ya tatu vilevile. Mama Pasi alianza kushuku kwamba yule kuku wanasafiri naye, kwamba yumo kwenye buti la basi na masanduku yao, anashushwa jioni na kupandishwa asubuhi.

Lakini kusema? Thubutu! Kila jioni alijikaza kisabuni, akatafuna, akameza, akapanda ngazi huku akijifuta midomo kwa madaha. Chumbani alimkuta wifi kitandani, amekunja miguu, anamenya yai juu ya gazeti. Chumba kizima kilinuka.

"Wamepika nini leo?" wifi aliuliza, macho kwenye yai.

"Mm! Leo wamejitahidi sana. Yule kuku, nyama inaachia mfupa yenyewe."

"Mungu awabariki."

"Awabariki mno."

Kufa na tai shingoni, lakini tai ya Mama Pasi ilikuwa inabana. Maana mayai yalipokwisha, na hayakuchukua muda, wifi alianza kutoka jioni pamoja na mwalimu na maharusi, ambao hesabu zao ziliwaelekeza kujitegemea. Walirudi wananukia moshi wa nyama choma, wanacheka, bwana harusi amebeba hindi lililochomwa. Na Mama Pasi, tumbo limejaa gundi, aliwasikia tangu wakiwa chini mlangoni. Akafyonza. Akageukia ukutani. Alimdharau mwalimu kwa kucheka mdomo wazi, alimdharau mpishi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alijidharau na yeye mwenyewe kidogo.

Walipofika ziwani, hoteli ilikuwa moja ya kukaa mpaka mwisho wa safari. Kiongozi akapita chumba kwa chumba. "Jamani mama zangu, kifurushi kimeisha. Tunaendelea au tunaacha? Jibu kabla ya jioni, jikoni wanataka idadi."

Alipotoka tu, wifi akakaa sawasawa.

"Unaacha," alisema. "Usiniambie huachi. Hata wale wengine wenye bangili wote wanaacha. Yule mzee wa kiti cha nyuma ameniambia chakula chenyewe takataka. Kumbe wewe siku zote unanidanganya!"

Mama Pasi akachukua kanga, akaanza kuikunja.

"Twende wote leo. Kuna mama anachoma samaki pale gati. Unakaa kwenye benchi, unakula kwa mikono, hata sahani huoshi. Njoo wifi. Mtu kama wewe kula uchafu ule ni dhambi. Kaka alikuwa akisema daima, hakuna mkono wa kupika kama wa mke wake."

Mama Pasi alikuwa bado anakunja kanga. Akaacha.

"Alisema nini?"

"Hakuna mkono kama wako. Kila akija dukani. Mchuzi wa mke wangu hivi, maharagwe ya mke wangu vile. Mpaka mimi nilikuwa naona wivu."

"Alikuambia wewe."

"Aliniambia mimi, aliwaambia wa benki, aliwaambia nani sijui..."

"Wewe ulikuwa umesimama na mwiko?"

Wifi akashtuka. "Si nakupa habari njema?"

"Muuza vifungo anajua. Benki nzima inajua. Walinzi wa benki, nao wanajua? Mimi niliyekuwa nageuza sufuria huku miguu imevimba, mimi ndiye niliyefichwa." Sauti yake haikupanda, ila pua ilikuwa juu kabisa. "Nilimwona mjinga tu asiye na ulimi. Kumbe ulimi alikuwa nao. Alikuwa anautoa nje kutembeza."

"Usimseme marehemu."

"Namsema. Alipokuwa hai nilikosa nafasi, alikuwa anasoma gazeti."

Wifi akafunga mkoba wake. Akachukua viatu vyake, akatoka kwenda gati na wenzake.

Mama Pasi alikaa kitandani mpaka mwanga wa dirishani ukageuka rangi. Alitaka kulia, machozi yakakataa, akaona hata machozi ni ya kuyadharau. Kisha akashuka mapokezi, akalipia kifurushi cha nusu ya pili. Kiongozi akamtazama kwa huruma.

"Mama, una uhakika? Utakuwa peke yako, jamani."

"Funga bangili, mwanangu."

Ukumbi wa kulia ulikuwa mkubwa, meza zimefunikwa vitambaa ambavyo Mama Pasi aliona mara moja kwamba vimepigwa pasi na mtu aliyekuwa anawaza mambo mengine. Akaketi katikati. Mhudumu akamletea supu, akaondoa bakuli, akaleta wali, akaongeza maji bila kuombwa. Kuku alikuwa yuleyule. Amefika salama.

Alipokuwa katikati ya kula, mpishi mwenyewe akatoka jikoni, mtu mnene mwenye aproni iliyochoka, kuja kumwona huyu mteja mmoja aliyebaki. Akasimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Karibu mama. Chakula vipi?"

Aliuliza kama watu wanavyouliza, akitegemea "kizuri" apate kurudi zake. Mama Pasi akaweka uma chini.

"Kibaya," alisema.

Mpishi akapepesa macho.

"Wali umeupika ukausahau. Kuku umemwua mara mbili. Supu ni maji yaliyopita karibu na karoti. Na mimi nimelipia mara mbili, kwa hiyo siongei kwa chuki, naongea kama mteja wako mkubwa kuliko wote."

Mhudumu pale pembeni aligeuka kutazama ukuta, mabega yakimtikisika. Mpishi akavimba.

"Mama, basi kama unajua sana, karibu jikoni unionyeshe!"

"Nisamehe!" Mama Pasi alichukua uma wake tena. "Jikoni kwako siingii hata kuwe na moto wa kuzima. Nimelipa fedha nzima nisiingie jikoni. Wewe pika. Mimi nitakuambia."

Na akamwambia kweli. Kila jioni mpishi alikuja, mikono nyuma, uso umekunjamana, na kila jioni akapewa hukumu yake. Wali ukaanza kuachana punje kwa punje. Supu haikubadilika, ilikuwa na kichwa kigumu. Kuku alilainika siku moja, kesho yake akarudi kuwa kiatu, na Mama Pasi akamwambia mpishi, "Jana ulikuwa mtu, leo umekuwaje?" Mpishi akacheka bila kupenda. Jioni iliyofuata akaleta samaki, akasimama kusubiri kama mwanafunzi.

"Huyu," alisema Mama Pasi baada ya kutafuna, "anakulika."

Mpishi alirudi jikoni akitembea kama aliyepandishwa cheo.

Habari zilimfikia wifi, na siku ya mwisho uchu ukashinda birika. Alilipia chakula cha jioni moja, akaketi mbele ya Mama Pasi, akala kila kitu, kisha akaanza kuingiza mikate midogo ya mezani kwenye mkoba.

"Wifi, unafanya nini?"

"Imelipiwa."

"Wahudumu wanatazama."

"Watazame. Wao wanalipwa kutazama, mimi nimelipia mkate."

Mama Pasi alimpandisha na kumshusha, akabetua mdomo, kisha akamsogezea kikapu.

Aliporudi nyumbani, binti yake alikuja kumtembelea, akamkuta sebuleni miguu juu ya stuli. Binti naye alikuwa anataka kwenda safari ileile na mumewe.

"Mama, kile kifurushi cha chakula kinafaa? Tulipie?"

"Usithubutu. Takataka tupu. Wizi."

"Mbona shangazi anasema ulilipia mara mbili?"

"Shangazi yako mdomo wake hauna kifungo." Mama Pasi akafyonza, akajiweka sawa kwenye kiti. "Wewe mume wako anapika. Akipika anakuuliza kama kimekolea. Wewe kifurushi cha nini? Nenda gati ukale samaki na wajinga wenzako."

Kisha akamwuliza kama ameleta chochote cha kula, kwa sababu yeye, alisema, leo hakupika, na kesho pia hana nia.